Kuhamia Pwani: Isome Bahari Kabla ya Kupanga Nyumba

Mtu anayehamia karibu na bahari huwa na haraka mbili: anataka kupanga vyumba, na anataka kushuka ufuoni. Ushauri wangu ni kuziunganisha ziwe kazi moja. Upepo utakaokuonyesha siku ya kuogelea ndio utakaoamua kitanda kikae ukuta upi, na jedwali la maji kupwa na kujaa litakalokufungulia njia ya kutembea mwambani ndilo litakalokuambia ufuo wako unaishia wapi hasa. Kwa hiyo ipe bahari mwezi mmoja. Mwezi wa mwandamo unatosha, kwa sababu ndani yake utaona maji yakijaa kupita kiasi mara mbili na yakilegea mara mbili, nawe utakuwa umeona karibu kila tabia ya kawaida ya eneo lako, isipokuwa zile zinazoletwa na misimu.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano ninaouona una akili. Ukiruka moja si neno, ila usiruke ya kwanza.

Hatua ya 1: Kagua nyumba kabla ya kutia saini

Anza na kutu. Angalia bawaba za milango, makomeo, nondo za madirisha, vichwa vya misumari ya mabati na skrubu za soketi. Linganisha upande unaoelekea bahari na upande wa bara. Tofauti kati ya pande hizo mbili inakueleza chumvi inaingia kwa kiasi gani, na inaeleza kwa ukweli kuliko maneno ya mwenye nyumba. Rangi mpya isikutishe wala isikufurahishe. Fungua dirisha utazame bawaba kwa ndani, mahali ambapo brashi haifiki.

Kisha tazama zege. Nyufa zinazofuata mstari ulionyooka kwenye nguzo, boriti au chini ya dari ya zege, hasa zikiwa na madoa ya kahawia, maana yake ni kwamba nondo zilizo ndani zimeanza kuoza. Chumvi ikipenya kwenye zege, kloridi iliyomo huvunja ule utando unaoilinda nondo. Kutu inayofuata huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo husukuma na kulipasua zege kutoka ndani. Mara nyingine chanzo ni mjenzi aliyetumia mchanga wa ufuoni bila kuuosha. Hapo chumvi iliingia tangu siku ya kwanza. Gonga kwa kifundo cha kidole: panapolia kama mtungi mtupu, zege limekwisha kubanduka. Plasta haiponyi ugonjwa huo. Nyumba yenye plasta mpya kwenye nguzo tu, na plasta kuukuu kwingine kote, iulizie.

Swali la pili ni la majirani, si la dalali: maji yaliwahi kufika wapi? Waulize wazee waliokaa hapo muda mrefu, na waombe wakuonyeshe kwa kidole badala ya kukuambia "hapo chini". Unachotafuta ni ile siku ambayo dhoruba iliangukia kwenye bamvu, yaani kipindi cha maji makubwa. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1 (hektopaskali ni kizio cha kuupimia), uso wa bahari huinuka kama sentimita 1. Dhoruba inayoshusha kipimo kwa hektopaskali 30 huwa imekwisha kuyapandisha maji sentimita 30 kabla upepo na mawimbi havijaongeza ya kwao.

La tatu ni maji ya matumizi. Kama nyumba inategemea kisima, elewa kilichoko chini yake. Maji ya mvua yaliyozama ardhini ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake ndani ya mchanga na miamba. Hesabu yake ya jumla inashangaza: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 zake chini ya usawa huo. Inaonekana ni akiba kubwa, lakini igeuze hesabu uone hatari yake: ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka mita 1, chumvi iliyoko chini hatimaye inaweza kupanda kwa mita 40. Ndiyo sababu kisima kilichochimbwa kirefu zaidi kwa tamaa, au kinachovutwa na pampu kubwa mchana kutwa, huharibika kikiwa karibu kabisa na kisima cha jirani kinachotekwa kwa ndoo bila shida.

Onja maji hayo, kisha jaribu sabuni: ikikataa kutoa povu, maji yana chumvi au madini mengi. Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 250 za kloridi kwa lita kuwa kiwango ambacho mtu huanza kuonja chumvi. Mwenye shinikizo la damu nyumbani asiyapuuze maji yenye ladha hiyo. Uliza pia yanakuwaje mwishoni mwa kiangazi, maana kisima hupimwa wakati huo.

Hatua ya 2: Siku ya kuingia, fungua vichache

Fungua kitanda, chandarua, vyombo vichache vya jikoni, taa na sanduku la zana. Vingine viache kwenye maboksi, lakini usiyaweke sakafuni wala kuyabana ukutani. Yainue juu ya mbao na uache nafasi ya kupitisha mkono nyuma yake, hewa ipite. Vyeti, picha na vitabu unavyovipenda viingie kwenye makasha ya plastiki yenye mifuniko inayobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya na vifaa vya umeme.

Jaribu kila ufunguo katika kila kufuli. Tafuta swichi kuu ya umeme na valvu kuu ya maji ukiwa bado na mwanga.

Halafu, kabla giza halijaingia, tembea njia ya kwenda juu. Namaanisha njia hasa: kutoka mlangoni kwako hadi mahali palipoinuka, kwa miguu, pamoja na kila mtu wa nyumbani. Tsunami ni nadra katika pwani nyingi, ila inapokuja haikupi muda wa kutafuta uchochoro. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyoanzia karibu na Sumatra, Indonesia, yalivuka Bahari ya Hindi yote na kuua watu hadi Somalia, mbali sana na mahali ardhi ilipotikisika. Kwenye kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu kabisa na chanzo, waliokufa walikuwa wachache mno, kwa sababu wakazi walikuwa wamerithishana simulizi ya wimbi la mwaka 1907: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, kimbilieni mlimani. Dalili ni hizo hizo popote: mtetemeko mrefu, bahari kukauka ghafla nje ya ratiba yake, au mngurumo usio wa kawaida kutoka baharini. Ukiona moja tu, nenda. Usirudi baada ya wimbi la kwanza, kwani linalofuata linaweza kuwa kubwa zaidi.

Hatua ya 3: Wiki ya kwanza ni ya upepo

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya bara hupanda, na ya baharini huja kuziba pengo; ndio upepo wa bahari, ambao huanza kukaza kuelekea adhuhuri na kulegea jioni. Usiku mambo hugeuka: bara hupoa upesi, na upepo mwepesi hutoka nchi kavu kuelekea majini. Juu ya mzunguko huo wa kila siku huwa kuna pepo za msimu, zinazoweza kuufunika kabisa.

Kazi yako ni kuona pepo hizo zinaingiaje ndani. Funga uzi au utepe mwepesi kwenye dirisha la kila chumba, uuangalie asubuhi, mchana na usiku. Chumba chenye upepo wa mchana kitakuwa na raha ya kukaa na karaha ya vitu: ndicho kitakachopokea chumvi. Chumba cha upande wa bara kitakuwa na joto zaidi mchana, lakini humo ndimo mahali pa kompyuta, redio, cherehani na kabati la vitabu. Watu wengi hufanya kinyume. Huweka runinga mbele ya dirisha linalotazama bahari, kisha hulalamika kwamba vifaa vya siku hizi havidumu.

Chumvi yenyewe ina tabia ambayo inafaa kuielewa, la sivyo utafanya usafi wa bure. Kila wimbi linalovunjika hurusha matone madogo. Tone hukauka hewani, ikabaki chembe ya chumvi, na upepo huibeba. Nyingi hutua ndani ya mita mia chache za kwanza kutoka ufuoni, ndiyo maana nyumba ya safu ya tatu hupumua kuliko ya safu ya kwanza. Chembe hiyo ikitua mezani haikai kimya. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida hunyonya maji mpaka inayeyuka, na chumvi nyingine zilizomo baharini, kama zile za magnesi, huanza kunyonya mapema zaidi. Hapo ndipo unapata sakafu inayonata, kitasa chenye jasho na mashuka yanayohisi majimaji ingawa hayajamwagikiwa na kitu. Kitambaa kikavu huisogeza tu. Kinachotakiwa ni kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu kifuate.

Kwa hiyo, tangu wiki hii ya kwanza, jiwekee mazoea yafuatayo. Nondo za madirisha, bawaba, baiskeli na kitu chochote cha chuma kilicho upande wa bahari kioshwe kwa maji matamu mara kwa mara, na vinavyozunguka vipakwe mafuta kidogo. Kama una kiyoyozi, kile kisanduku cha nje kina mapezi membamba ya alumini ambayo huliwa haraka. Zima umeme, kimwagilie maji kwa mnyunyizo mdogo, kiache kikauke. Jokofu lisogeze mbali na dirisha na ufute nyuma yake.

Unyevu ni habari nyingine. Nunua kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, maana hisia za ngozi hudanganya baada ya siku chache za kuzoea. Lenga chini ya asilimia 60 ndani ya kabati na vyumba vya kulala. Kuvu na ukungu hustawi zaidi ya hapo. Fungua madirisha ya pande mbili zinazokabiliana ili hewa ipite moja kwa moja, na uyafunge wakati hewa ya nje imelowa kuliko ya ndani, kama alfajiri yenye umande mzito. Nguo za ngozi, mikoba na viatu visivyovaliwa mara kwa mara vitoe nje vikapigwe na hewa. Kabati lisilo na mgongo, au lenye matundu nyuma, linafaa kuliko lile zuri lililofungwa kila upande.

Mapazia subiri. Bado hujui jua linaingilia wapi, na kuna sababu nyingine nitakayoifikia.

Hatua ya 4: Jifunze ratiba ya maji

Hii ndiyo hatua ninayoishikilia zaidi. Tafuta jedwali la kupwa na kujaa la bandari iliyo karibu nawe. Hutolewa na mamlaka za bandari na idara za bahari, na mengi yapo kwenye intaneti. Hakikisha saa zilizoandikwa ni za nchi uliyopo, kwani baadhi ya majedwali hutumia saa ya dunia (UTC). Angalia pia ni ya bandari gani: ghuba iliyojificha nyuma ya rasi inaweza kuchelewa.

Katika pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, hivyo ratiba husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Maji yaliyopwa leo saa 4:00 asubuhi, kesho yatapwa karibu saa 4:50. Si kila bahari iko hivyo. Sehemu za Ghuba ya Meksiko hujaa mara moja tu kwa siku, sehemu kubwa ya Mediterania hutikisika kidogo tu, na katika Ghuba ya Fundy, Kanada, maji huweza kupanda hadi mita 16. Ndiyo maana uzoefu wa pwani nyingine usiubebe mzimamzima.

Fuata mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye bamvu huwa kubwa kabisa: maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, tofauti kati ya kujaa na kupwa ikawa ndogo. Na kuna jambo la manufaa ambalo wageni huchelewa kuligundua: mahali pamoja, maji ya bamvu hujaa karibu saa zilezile za siku mwaka mzima. Ukishajua saa za bamvu za ufuo wako, ukitazama tu mwezi unaweza kukisia hali ya maji bila kufungua jedwali.

Sasa hesabu inayookoa maisha. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti yote ya kina katika sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ya siku hiyo ni mita 3, saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 25 tu, nawe utajisemea kuwa bahari ni mpole. Saa ya tatu peke yake yatapanda sentimita 75. Nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati.

Jedwali likishakaa kichwani, lilinganishe na macho. Chagua jiwe au nguzo unayoiona kutoka nyumbani, uandike maji yameifikia wapi na saa ngapi, siku za bamvu na siku za maji mafu. Mstari wa mwani na takataka juu ya mchanga unaonyesha kikomo cha maji yaliyopita karibuni. Mstari wa pili ulio juu zaidi, mkavu, ni wa bamvu au dhoruba. Kati ya mistari hiyo usiache kitu chako.

Hatua ya 5: Matembezi ya kwanza, karibu na nyumbani

Chagua siku ya maji kupwa mchana. Ondoka saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, tembea ukiyafuata yanavyorudi, na geuka pale pale yanapofika mwisho. Kama kupwa ni saa 5 asubuhi, basi ondoka saa 3, na saa 5 uso uelekee nyumbani hata kama mbele kuna kitu kizuri. Kitakuwepo kesho, tena dakika 50 baadaye.

Mtego mkubwa ni fungu la mchanga. Fungu huinuka katikati, na nyuma yake, upande wa ufuo, huwa kuna mfereji. Maji yakianza kujaa huingia kwanza kwenye mfereji, kimyakimya, wakati wewe umesimama pakavu ukitazama baharini. Kila ukivuka mfereji, geuka uupime kwa macho: maji yake yakikufika gotini wakati wa kwenda, rudi mapema.

Elekea upande upepo unakotoka kwanza, ukiwa na nguvu. Wakati wa kurudi ukusukume mgongoni. Vaa viatu vyenye soli ngumu. Maji hubebwa ya kutosha, kichwa hufunikwa: mchanga mkavu hurudisha takriban asilimia 15 ya miali ya jua inayounguza ngozi na povu la bahari kama asilimia 25, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi.

Kanyaga mchanga, si matumbawe. Matumbawe yale ya mviringo kama mawe hukua chini ya sentimita 2 kwa mwaka, na hatua moja inaweza kuvunja kazi ya miaka mingi. Nayo hulipiza: mkwaruzo wake huingiza vipande vidogo ndani ya ngozi na hupata uchafu haraka. Uoshe vizuri kwa sabuni na maji safi siku hiyo hiyo.

Viumbe wa kuwajua ni wachache. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani kwenye maji ya kina kifupi, kwa hiyo kokota miguu badala ya kuinyanyua, naye atakimbia mwenyewe. Wapo wale wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, na yupo samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Hao ndio sababu ya viatu. Konokono wa baharini mwenye gamba la umbo la koni, lenye michoro ya kupendeza, usimwokote: aina fulani zina sumu inayoua. Mtu akichomwa na taa, miiba au samaki-jiwe, tumbukiza sehemu hiyo katika maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hadi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku mkielekea kwa mganga hospitalini. Akichomwa na yavuyavu, kile kiumbe laini kama jeli kinachoelea majini, osha kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zake kwa kibano au ukingo wa kadi, usisugue kwa mchanga. Habari ya kumwagia mkojo haina faida.

Hatua ya 6: Kabla ya kuogelea, kaa utazame

Kaa mahali palipoinuka kwa robo saa. Ukiona mawimbi yanavunjika kulia na kushoto, na katikati pana ujia uliotulia, wenye maji meusi zaidi au yenye mchanga, na mwani unakwenda nje badala ya kuja ufuoni, hapo pana mkondo unaovuta baharini. Mgeni hupachagua hapo hapo kwa sababu panaonekana patulivu. Mkondo kama huo unaweza kwenda mita 2 kwa sekunde au zaidi, mwendo ambao bingwa wa Olimpiki huumudu kwa umbali mfupi tu.

Ukinaswa, usishindane nao. Elea, pumua, inua mkono kuomba msaada. Haukuzamishi, unakupeleka nje tu, na baadaye hulegea. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuo hadi utoke kwenye ujia, ndipo urudi pamoja na mawimbi. Aliye ufuoni asijitose mikono mitupu. Atupe kitu kinachoelea kwanza.

Kwenye pwani yenye mwamba kwa mbele, hatari iko kwenye mlango wa mwamba, yaani pengo lililo katikati yake, hasa maji yakiwa yanapwa: maji yote yaliyo kati ya mwamba na ufuo hutoka kupitia hapo. Waulize wavuvi milango iko wapi. Hawataficha. Na ukipita kati ya vyombo vyao, zunguka kamba na nyavu badala ya kuzivuka au kuzikanyaga.

Hatua ya 7: Nenda mbali, na uchore ramani yako

Wiki ya tatu au ya nne, bamvu la pili likifika, fanya safari ndefu. Chora ramani ya mkono: miamba, mifereji, milango, sehemu za matope, njia za kupanda juu, kivuli. Andika kila sehemu inapitika katika hali gani ya maji. Ramani za simu huonyesha ufuo kama mstari mmoja, wakati wako una mistari miwili iliyoachana kwa umbali mkubwa.

Penye mikoko, ingia maji yanapopwa na utoke kabla hayajageuka. Tope hupunguza mwendo kuliko unavyodhani. Tembea karibu na mizizi, ambapo ardhi imeshikika. Chini ya majabali usikae, hasa baada ya mvua. Na kutoka juu, furahia upeo: mtu aliyesimama ufuoni anaona kama kilomita 5 tu hadi bahari inapokutana na mbingu, ila akipanda mita 10 anaona zaidi ya kilomita 11. Chombo kilichozama machoni mwako kule chini huibuka tena.

Hatua ya 8: Sasa panga nyumba

Maboksi yaliyobaki yafunguliwe sasa. Unajua ukuta unaotoa jasho, dirisha linaloleta chumvi na chumba kinachokauka. Skrubu na bawaba za upande wa bahari ziwe za stenlesi ya daraja la 316, ambayo ina molibdeni na huhimili chumvi kuliko ile ya kawaida ya 304; pengo la bei linalipwa na usumbufu utakaouepuka. Usichanganye metali mbili tofauti zinazogusana, kama alumini na skrubu za shaba, kwa sababu penye maji ya chumvi moja itaila nyingine.

Na mapazia: kama ufuo wako hutagiwa na kasa, chagua mazito kwa upande wa bahari, na taa za nje zielekee chini, ziwe na mwanga wa kaharabu, au zizimwe kabisa. Watoto wa kasa hutoka mchangani usiku, miezi miwili hivi baada ya mayai kutagwa, na huelekea upande wenye mwanga zaidi. Kwa kawaida upande huo ni bahari. Taa yako ya barazani ikiwaka kuliko upeo wa maji, watakuja mlangoni kwako. Waulize majirani wanatotoa miezi gani, uandike kwenye ramani ile ile.